Nyota Ni Nyingi, Lakini Akili Je?

Waulize watu kumi kama kuna viumbe wengine wenye akili nje ya dunia yetu, na wengi watakujibu kwa hoja moja: ulimwengu ni mkubwa mno, haiwezekani akili iwe imezuka hapa tu. Hoja hii ina mvuto, na wanasayansi mashuhuri wamewahi kuisimamia. Ukiichunguza, hata hivyo, utaona kwamba inajibu nusu tu ya swali. Inatuambia kuna mahali pangapi ambapo jambo hili lingeweza kutokea. Haituambii jambo lenyewe ni gumu kiasi gani kutokea. Idadi kubwa mno ikizidishwa kwa uwezekano mdogo mno, jibu linaweza kuwa mamilioni, na linaweza pia kuwa moja, na hiyo moja ikawa sisi.

Nitautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri tunavyokwenda. Naona uhai wa namna ya bakteria huenda umeenea angani. Akili inayounda redio na darubini, kwa upande wake, ni adimu kuliko tunavyopenda kuamini. Na ushahidi mzito zaidi wa hilo hautoki kwenye nyota. Unatoka ardhini, katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Mahali papo

Tuanze na tunachokijua vizuri. Galaksi yetu, Njia ya Maziwa, ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400, na upana wake ni takriban miaka ya nuru 100,000. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali unaosafiriwa na mwanga kwa mwaka mzima, nao mwanga huenda kilomita 300,000 kila sekunde.

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba nyota nyingine zina sayari. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari inayoizunguka 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua, na kazi hiyo ikawapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Darubini ya Kepler, iliyorushwa angani mwaka 2009, ilifichua sayari zaidi ya 2,600. Kufikia mwaka 2025, sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa Jua letu zilikuwa zimepita 6,000. Uchambuzi wa takwimu za Kepler uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba katika galaksi yetu pekee sayari za mawe zinazozunguka nyota kama Jua, kwa umbali unaoruhusu maji kubaki kimiminika, zinaweza kufikia milioni 300.

Hata hivyo, kuwa kwenye umbali unaofaa hakutoshi. Mwaka 2017 ulimwengu wa sayansi ulishangilia sayari saba za TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban 40. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilizipima mbili zilizo karibu zaidi na nyota hiyo, na hakuna iliyoonyesha kuwa na hewa nzito. Nyota ndogo nyekundu ndizo zilizo nyingi kuliko zote, nazo hulipuka mara kwa mara na kumwaga mionzi inayoweza kuipeperusha hewa ya sayari zilizo jirani. Basi mahali ni pengi, ila pengine si pengi kama hesabu za haraka zinavyoonyesha.

Kutoka maji hadi uhai

Hatua ya pili nayo ina dalili njema. Mwaka 2023 chombo cha Marekani kilileta duniani vumbi la asteroidi Bennu, na mwaka 2025 watafiti walieleza kwamba ndani yake mna asidi za amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe wa dunia hutumia kujengea protini. Mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, Enceladus, hurusha angani maji yanayotoka katika bahari iliyofunikwa na barafu, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba chembe za barafu hiyo zina fosfeti, kiungo muhimu cha uhai. Malighafi, kwa maneno mengine, si adimu.

Dalili nyingine ni ya kihistoria. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5, na miamba ya miaka bilioni 3.5 iliyopita tayari ina alama za viumbe wadogo. Uhai ulianza mapema, mara tu hali iliporuhusu. Jambo lililotokea haraka namna hiyo huenda si gumu sana kutokea.

Hapa inafaa tahadhari. Mwaka 2025 kundi la Cambridge linaloongozwa na Nikku Madhusudhan lilisema limeona katika hewa ya K2-18b, sayari iliyo umbali wa miaka ya nuru 124, dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa zaidi na viumbe wa baharini. Wataalamu wengine waliozipitia takwimu zilezile waliona dalili hiyo ni hafifu mno kuthibitisha chochote. Mwaka huohuo watafiti walieleza madoa waliyoyakuta kwenye mwamba mmoja wa sayari ya Mirihi, madoa ambayo duniani mara nyingi huachwa na vijidudu, lakini ambayo kemia tupu nayo inaweza kuyafanya. Hakuna ushahidi uliokamilika mpaka sasa. Kilichopo ni sababu nzuri za kuendelea kutafuta.

Uhai si akili

Watu wengi huteleza hapa. Wakisikia kuna uwezekano wa uhai, akilini wanaona ustaarabu. Historia ya dunia yetu haitoi ruhusa ya kuruka hivyo. Kwa takriban miaka bilioni 2 baada ya uhai kuanza, dunia ilikaliwa na seli sahili peke yake. Seli zenye kiini, ambazo ndizo zilizozaa mimea, uyoga, wanyama na sisi, zote zina asili moja. Kwa kadiri tujuavyo, tukio hilo lilifanikiwa mara moja tu. Wanyama wenye miili mikubwa wamekuja katika miaka kama milioni 600 ya mwisho. Kisha, miaka milioni 66 iliyopita, asteroidi ilianguka palipo Mexico ya leo, ikawafuta dinosaria, na mamalia wadogo wakapata nafasi. Jiwe lile lingepita pembeni, hakuna sababu ya kudhani kwamba mimi ningekuwa naandika na wewe unasoma.

Mwaka 1983 mwanafizikia Brandon Carter alilitazama jambo hili kwa jicho la hesabu. Dunia itaendelea kufaa kwa uhai kwa muda wa takriban miaka bilioni moja ijayo, kabla joto la Jua halijazidi. Maana yake, akili ilizuka ikiwa imebaki sehemu ndogo tu ya muda uliokuwapo. Kama akili ingekuwa rahisi kuzuka, tungetarajia ije mapema. Kuchelewa kwake kunaashiria kwamba njia ina hatua kadhaa ngumu, na kwamba sayari nyingi zenye uhai hufikia mwisho wao kabla ya kuzivuka zote.

Bonde la Ufa linasema nini

Mwaka 1961 mwanaastronomia Frank Drake aliitisha mkutano mdogo Green Bank, West Virginia, akaandika ubaoni mlinganyo wenye vipengele saba. Ukizidisha kasi ya kuzaliwa kwa nyota, sehemu yake yenye sayari, idadi ya sayari zinazofaa, sehemu yake inayopata uhai, sehemu inayopata akili, sehemu inayoweza kutuma mawimbi, na muda ambao ustaarabu hudumu, unapata idadi ya wanaoweza kusikika leo. Kwenye kipengele cha akili waliohudhuria waliweka moja: uhai ukishapatikana, upe muda, akili itafika tu. Kwa makadirio hayo walihitimisha kwamba galaksi yetu inaweza kuwa na ustaarabu kuanzia 1,000 hadi milioni 100.

Miaka hiyohiyo, katika Korongo la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, Louis na Mary Leakey walikuwa wakifukua mifupa inayolitia shaka wazo hilo. Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu lililokuja kuitwa Zinjanthropus, na ambalo leo wataalamu huliweka katika jamii ya Paranthropus boisei. Lina umri wa miaka milioni 1.75, na limehifadhiwa Dar es Salaam. Litazame kwa karibu: magego mapana kupita kiasi, mashavu ya mfupa yaliyotokeza mbele, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa uliokuwa ukishikilia misuli ya taya. Ubongo wake haukufika nusu ya wa kwetu. Kiumbe huyu alitegemea taya, naye alifanikiwa. Jamii yake ilidumu Afrika Mashariki kwa takriban miaka milioni moja, mara tatu ya umri wa binadamu wa leo.

Mwaka 2024 watafiti walieleza nyayo zilizokutwa Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 1.5. Kwenye tope lilelile la ufukwe, kwa tofauti ya saa au siku chache, walipita viumbe wa aina mbili: mmoja anadhaniwa kuwa wa jamii ya Zinjanthropus, mwingine Homo erectus, wa ukoo wetu. Wote wawili walitembea wima, wote walikunywa maji ya ziwa moja. Hakuna kanuni ya maumbile iliyokuwa imeamua kwamba ukoo wa ubongo ndio utakaobaki. Ubongo ni kiungo cha gharama: wa kwetu ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati tunapokuwa tumepumzika. Kwa mnyama anayeweza kushiba kwa taya imara, ubongo mkubwa ni mzigo.

Hata ukoo wetu haukukimbilia kwenye teknolojia. Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana zilipatikana Lomekwi, magharibi mwa Turkana, na zina umri wa miaka milioni 3.3. Shoka la mkono lilitokea miaka milioni 1.76 iliyopita: jiwe lililochongwa pande zote mbili, lenye umbo la tone, linalojaa kiganja. Nenda Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, utayaona mashoka hayo yamelala kwa wingi mahali yalipoachwa, na wageni wanapita juu ya daraja la mbao wakiyatazama. Nenda Isimila, karibu na Iringa, utakutana na mtindo huohuo. Kwa zaidi ya miaka milioni moja vizazi vilirithishana shoka hilo na mabadiliko madogo sana. Waliolichonga walikuwa na akili, tena nyingi. Lakini tungekuwa na darubini ya redio kwenye nyota ya jirani wakati wote huo, dunia ingekuwa kimya.

Ni pale Olorgesailie, katika tabaka za miaka takriban 320,000 iliyopita, ndipo panapoonekana mabadiliko: zana ndogo na za ustadi zaidi, mawe ya obsidiani yaliyoletwa kutoka mbali, na madini yaliyotumika kama rangi. Watafiti wa eneo hilo wameyahusisha na misukosuko ya tabianchi na mitetemo ya ardhi iliyovuruga makazi na kuwaondoa wanyama wengi wakubwa. Akili yetu ilinolewa na bonde moja, lenye volkano zake, maziwa yaliyojaa na kukauka, na majirani walioshindana. Kusema kwamba hilo litajirudia kwenye kila sayari yenye bakteria ni imani, na ushahidi wake hatunao.

Wanaosema akili hurudi

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni ya haki isikike. Maumbile hurudia mbinu nzuri. Macho yamezuka mara nyingi, mabawa pia. Akili ya namna fulani imezuka kwa kunguru, kwa pomboo, na kwa pweza, ambaye ukoo wake uliachana na wetu zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukisikiliza wavuvi wa pwani yetu, watakuambia jinsi pweza anavyojificha kwenye tundu la mwamba na kupanga mawe mlangoni. Ana seli za neva kama milioni 500, nyingi zikiwa kwenye mikono yake.

Lakini pweza huyohuyo anatuonyesha kinachokosekana. Huishi mwaka mmoja au miwili, huzaa mara moja na kufa, na watoto wake huanza upya bila mwalimu. Pomboo ana ubongo mkubwa na jamii, ila hana mkono, na majini hakuna moto wala kuyeyusha chuma. Kunguru anatengeneza zana, lakini mwili wake unaweka mpaka kwa ubongo. Teknolojia inahitaji mambo manne yakutane kwa mnyama mmoja: ubongo, mkono, nchi kavu yenye moto, na lugha inayobeba maarifa kutoka kizazi hadi kizazi. Hapa duniani, katika mamilioni ya spishi, yamekutana katika ukoo mmoja. Madagaska, iliyojitenga na bara la Afrika kwa zaidi ya miaka milioni 100, ilizalisha viumbe wa ajabu wasiopatikana penginepo, na hakuna aliyechonga shoka mpaka watu walipofika kwa mashua.

Tumesikiliza kiasi gani

Mwaka 1959 wanafizikia Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walipendekeza tusikilize kwenye megahezi 1,420, masafa ya haidrojeni, kwa kuwa ustaarabu wowote wenye redio utayajua. Mwaka uliofuata Drake alielekeza darubini ya Green Bank kwenye nyota mbili zilizo jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Hakusikia kitu.

Tangu hapo zimekuja dalili zilizotikisa mioyo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi Cambridge, alinasa mapigo yaliyojirudia kila sekunde 1.33 bila kukosea. Ikabainika kuwa ni pulsa, nyota iliyokufa inayozunguka kwa kasi. Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya Ohio iliyoitwa Big Ear ilinasa mlio mkali wa sekunde 72 ambao haujarudi tena wala kupata maelezo yanayokubaliwa na wote. Mwaka 2019 darubini ya Parkes, Australia, ilinasa wimbi kutoka upande wa Proxima Centauri, nyota ya jirani kuliko zote. Uchambuzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba chanzo chake kilikuwa mitambo yetu wenyewe.

Je, ukimya huu unathibitisha kwamba hakuna mtu? Bado. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani walipima kiasi cha anga, masafa na muda ambao umekwisha kuchunguzwa, wakaona kwamba ukilinganisha na yote yanayopaswa kuchunguzwa, tumechota maji ya bwawa dogo la kuogelea kutoka katika bahari zote za dunia. Na sisi wenyewe ni wachanga: mawimbi yetu ya kwanza ya redio yamefika miaka ya nuru mia moja na kidogo tu. Ujumbe uliotumwa kutoka darubini ya redio ya Arecibo mwaka 1974 kuelekea kundi la nyota la M13 utachukua takriban miaka 25,000 kufika, na jibu muda kama huo kurudi.

Wako wapi?

Ukimya wa redio, basi, hausemi mengi. Kuna ukimya mwingine ulio mzito zaidi. Mwaka 1950, wakati wa chakula cha mchana Los Alamos, mwanafizikia Enrico Fermi aliwauliza wenzake: wako wapi wote? Galaksi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Ustaarabu uliotangulia kwa muda mfupi tu wa kiulimwengu, hata kwa vyombo vya polepole, ungeweza kuenea galaksi nzima katika makumi ya mamilioni ya miaka. Hakuna alama yao tuliyoiona.

Majibu yaliyotolewa ni mengi. Wapo wanaosema tumetengwa kama hifadhi ya wanyama, tusisumbuliwe. Wapo wanaosema ustaarabu hujiangamiza upesi. Taarifa za vitu visivyotambulika angani nazo hutajwa, lakini jopo lililoundwa na NASA lilizichunguza na mwaka 2023 likasema halikuona ushahidi kwamba vinatoka nje ya dunia. Majibu ya aina hii yana udhaifu mmoja: yanadai kwamba kila ustaarabu, bila hata mmoja kukengeuka, utende vilevile. Mwaka 2018 Anders Sandberg, Eric Drexler na Toby Ord wa Oxford walionyesha jibu lililo rahisi zaidi. Ukiingiza katika mlinganyo wa Drake ukubwa halisi wa mashaka yetu, badala ya namba moja moja za kubahatisha, kitendawili kinayeyuka: uwezekano wa kuwa peke yetu katika galaksi unakuwa zaidi ya nusu. Ukimya ndio tulichopaswa kutarajia.

Baadhi ya wasomaji watauliza kuhusu imani. Swali hili haliwalazimishi waumini kushika upande. Surat Ash-Shura, aya ya 29, inataja viumbe waliotawanywa mbinguni na ardhini, na wafasiri wamejadili maana yake kwa karne nyingi. Mwaka 2008 José Gabriel Funes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha astronomia cha Vatikani, alieleza kwamba kuamini kuwapo kwa viumbe wengine hakupingani na kumwamini Mungu. Uwezo wa Muumba si hoja ya kuthibitisha wala kukanusha. Kilichoumbwa hujulikana kwa kutazamwa.

Kitakachobadili jibu

Msimamo mzuri ni ule unaoeleza nini kingeuangusha. Wimbi moja la redio lililothibitishwa na darubini mbili tofauti lingeuangusha wangu mara moja. Kugunduliwa kwa vijidudu Mirihi au Enceladus kusingeuangusha. Kama vijidudu hivyo vilianza kwa asili yao wenyewe, tutajua kwamba uhai ni rahisi, na kwa hiyo ugumu unaoeleza ukimya uko mbele zaidi: ama kwenye hatua za kuelekea akili, ama kwenye kudumu kwa ustaarabu wenyewe. Hili la mwisho ndilo la kutuhofisha, maana sisi tumekuwa na redio kwa miaka 130 hivi, na silaha za nyuklia kwa karibu 80.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba Afrika haipo pembeni ya swali hili. Katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, madishi 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT tayari yanatumika kusaka dalili za teknolojia za mbali, na yataunganishwa katika mtambo wa SKA wenye madishi 197, mradi ambao Kenya ni mmoja wa washirika wake wa Kiafrika. Huo ni mlango wa kwanza kwa kijana wetu anayetaka kuchangia jibu. Mlango wa pili uko Olduvai, Laetoli, Turkana na Olorgesailie. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, na kikafungua njia ya kupatikana kwa mifupa karibu kamili ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 iliyopita. Kipengele cha tano cha mlinganyo wa Drake hakina takwimu nyingine popote: kila fuvu na kila zana inayofukuliwa hapa ni kipimo cha jinsi akili inavyozuka, na kila eneo la visukuku linaloharibiwa kwa uzembe ni kipimo kilichopotea.

Tukidhani kwamba akili ni matokeo ya lazima, tutaiona ya kwetu kama kitu ambacho, kikipotea hapa, kipo tele kwingine. Ushahidi tulio nao hauruhusu kujifariji hivyo. Mpaka tutakapopata jibu kutoka angani, njia salama ni kuishi kama watu walioshika amana isiyo na nakala: kuitunza dunia iliyoizaa, kuwasomesha watakaoirithi, na kuendelea kusikiliza.